Kifini cha Safari kwa Anayezungumza Kiswahili: Anza na Sikio, Maneno Yafuate

Ukishatua Helsinki-Vantaa, uwanja wa ndege wa mji mkuu wa Ufini, na kuchukua begi lako, unapita chini ya bango lililoandikwa Tulli. Hiyo ni forodha. Ukilisoma harakaharaka ukasema tuli, umesema "moto". Ukiivuta ile u ukasema tuuli, umesema "upepo". Tuli, tuuli, tulli: herufi ni zilezile, kinachobadilisha maana ni muda ambao ulimi unakaa juu ya sauti. Msafiri anayelielewa hilo kabla ya kupanda ndege ameshamaliza sehemu ngumu ya Kifini chake.

Wafini wengi, hasa mijini, wanajua Kiingereza, kwa hiyo hutalala njaa wala kukosa njia. Lakini vibao vya milangoni na karatasi za vyakula havikuhurumii, na wazee wa vijijini nao wana lugha yao. Tena vitabu vingi vya Kifini vinaanza kwa kumtisha mtu: lugha ngumu, miishio 15 ya maneno, maneno marefu kama treni. Vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Sisi tunaanzia mahali pengine kabisa, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Niliishi Tampere miezi mitatu, na kila wiki nilikutana na jambo ambalo Kiswahili kilikuwa kimeshanifundisha.

Hatua ya 1: Fundisha sikio urefu

Usikariri sentensi yoyote bado. Wiki ya kwanza ni ya sikio tu.

Urefu wa irabu unaujua. Hakuna Mswahili anayechanganya kufa na kufaa, au kata na kataa. Kifini kiko hivyohivyo, ila kila mahali. Tapaan sinut huomenna ni "nitakutana nawe kesho". Punguza a moja, tapan sinut huomenna, na umemwambia mtu "nitakuua kesho". Atakuelewa kwa jinsi ulivyokuja na uso wako, lakini kwa nini ufike huko?

Konsonanti mbili zinahitaji kazi zaidi, kwa sababu Kiswahili hakina. Kama ulipita madrasa, ni shadda: ile m ya Muhammad unayoikalia kidogo kabla ya kuiachia. Kama unajua Kiganda, ni ile tt ya okutta. Vinginevyo fanya hivi: funga mdomo au ulimi mahali pa konsonanti, subiri kiasi cha pigo moja la moyo, kisha achia.

Jizoeze kwa maneno ambayo tayari ni jamaa zetu. Kifini, kama Kiswahili, hakipendi neno la kigeni liishie kwa konsonanti, kwa hiyo hulipachika irabu. Hoteli kwao ni hotelli. Polisi ni poliisi. Teksi ni taksi, basi ni bussi. Sema jozi hizo kwa sauti, letu kisha lao, ujirekodi kwa simu na ujisikilize. Ukisikia hoteli na hotelli ni kitu kimoja, rudia.

Halafu mkazo. Sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho. Wafini wanakazia ya kwanza, siku zote, hata neno liwe na silabi nane. Chukua neno ambalo karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki imewahi kulitamka: Nokia. Sisi tunasema noKIa. Huko ni NOkia, na ni mji ulio jirani na Tampere ambao uliipa kampuni ya simu jina lake. Kila neno utakalojifunza kuanzia hapa, lipige kichwani kama NOkia.

Angalizo moja: mkazo na urefu ni vitu viwili tofauti. Katika hotelli mkazo uko kwenye ho, urefu uko kwenye ll. Mswahili huvutwa kukazia pale palipo na urefu. Usikubali.

Hatua ya 2: Irabu tatu mpya, na herufi mbili zinazodanganya

A, e, i, o, u ni zetu zilezile. Zilizobaki ni tatu.

Ä: fungua mdomo kama wa a, ila sukuma ulimi mbele kama unaelekea kwenye e.
Ö: sema e, kisha viringa midomo kama ya o bila kusogeza ulimi.
Y: sema i, kisha viringa midomo kama ya u.

Kwa mpenzi wa mpira kuna mwalimu mzuri. Sami Hyypiä, beki aliyechezea Liverpool kuanzia 1999 hadi 2009, amebeba somo zima katika jina lake la ukoo: y ndefu, p moja tu baada yake, na ä ya mwisho. Watangazaji wetu walimwita "Hipia" miaka kumi. Anza na sauti "hii" yenye i ndefu, viringa midomo, ishike. Funga midomo kwenye p, usisubiri. Achia i, malizia na ä. Siku utakapolisema vizuri, hakuna neno la safari litakalokushinda.

Herufi zinazodanganya ni y na j. Y yao ni irabu, kama tulivyoona, kwa hiyo yö, "usiku", haisomwi "yo". J yao ndiyo y yetu: joo, "ndiyo", inasomwa yoo, na ja, "na", inasomwa ya. Golikipa wa zamani wa Bolton, Jussi Jääskeläinen, ni Yussi, si Jussi.

Kuna sehemu mbili tuna bahati. Ng yao ni ile ya ng'ombe, ila ndefu: Helsingissä, "katika Helsinki", ni Helsing'-ng'issä. Wageni wengi huhangaika na sauti hiyo, sisi tumezaliwa nayo. Na h iliyobanwa mbele ya konsonanti, kama katika kahvi, "kahawa", ni h ya mahsusi. Itoe kabisa, usiimeze.

Hatua ya 3: Salamu, na kuzifupisha

Kwetu salamu ni safari: habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo? Ufini salamu ya dukani ni neno moja: Moi. Mkenya hatalisahau, ni jina la rais wao wa pili. Hei nayo inafaa. Unapoondoka unarudia mara mbili: Moi moi au Hei hei. Kwa mzee au mahali rasmi sema Hyvää päivää mchana, Hyvää huomenta asubuhi, Hyvää iltaa jioni.

Mitä kuuluu? ni "habari gani?", na neno kwa neno ni "kinasikika nini?", jambo lililonifurahisha, kwa sababu habari yetu nayo ni kitu cha kusikika. Lakini huulizwi na muuza duka, na wewe usimuulize. Ni ya mtu unayemjua, naye anaweza kukujibu kwa kirefu jinsi alivyo. Kwa mgeni, Moi ikifuatiwa na ukimya ni heshima kamili. Ilinichukua muda kuamini hilo. Ukikaa kimya karibu na Mfini hujamnunia, umempa nafasi.

Maneno ya adabu ni manne tu:

Kiitos – ahsante.
Ole hyvä – husemwa mtu anapokukabidhi kitu, na pia kumjibu aliyeshukuru, kama "karibu".
Anteeksi – samahani, ya kuomba njia na ya kuomba radhi. Si pole, usimwambie anteeksi mtu aliyejikwaa, atashangaa kama ni wewe uliyemsukuma.
Ei se mitään – si kitu, jibu la anteeksi.

Usishangae sana ukijibiwa kwa Kiswahili, hasa Helsinki. Chuo kikuu cha huko kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na moja ya hazina kubwa za maandishi ya Kiswahili kwenye kompyuta ilitengenezwa palepale.

Hatua ya 4: Viungo vitatu ambavyo tayari unavijua

Hapa ndipo mwenye Kiswahili anapokimbia. Jifunze viungo hivi vitatu na sentensi utaziunda mwenyewe, hutahitaji kukariri kurasa.

Kwanza, kukanusha. Sisi tunasema sisemi, husemi, hasemi, hatusemi, hamsemi, hawasemi: ukanushaji unabadilika kufuata nafsi. Kifini hufanya vilevile, ila kiungo kinasimama peke yake: en puhu, et puhu, ei puhu, emme puhu, ette puhu, eivät puhu. Ni orodha yetu moja kwa moja. En puhu suomea, sisemi Kifini. En ymmärrä, sielewi. En tiedä, sijui. Na "yeye" wao, hän, kama yeye wetu, haulizi kama ni mwanamume au mwanamke.

Pili, swali. Pale ambapo sisi tunatanguliza "je", wao wanabandika -ko au -kö mwishoni mwa neno la kwanza. Puhut englantia ni "unasema Kiingereza". Puhutko englantia? ni swali lake. On ni "ni" au "ipo", onko? ni "je, ipo?" Utakisikia kiungo hiki kila dakika, na ukikisikia ujue unaulizwa jambo hata kama maneno mengine yamekupita.

Tatu, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote: -isi-, ambayo ni -nge- yetu. Kifini hakina neno moja la "tafadhali". Upole wanauweka ndani ya kitenzi, kama sisi tunaposema ningependa. Saan ni "napata". Saisin ni "ningepata". Ongeza kiulizi, saisinko?, na una "je, ningepata?", njia ya kistaarabu ya kuomba kitu chochote nchi nzima. Saisinko kahvin? naomba kahawa. Saisinko laskun? naomba bili. Voisitko? ni "ungeweza?": Voisitko toistaa? ungeweza kurudia? Voisitko auttaa? ungeweza kunisaidia? Mwishoni weka kiitos, inatosha.

Hatua ya 5: Mezani

Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, kwa hiyo sentensi yako ya kwanza ya kweli huenda ikawa ya kahawa. Yksi kahvi, kiitos, kahawa moja. Chai ni tee, e ndefu. Maziwa ni maito; usifupishe wala kubadilisha, kwa sababu mato ni mnyoo na matto ni zulia. Maji ni vesi, na ya bomba yananyweka bila wasiwasi: Saisinko hanavettä? naomba maji ya bomba.

Kama huli nguruwe, kaa hapa kidogo. Maneno ya kuyatambua kwa macho ni sika, sianliha, possu, kinkku na pekoni. Yote ni yeye. Liivate ni jelatini, angalia kwenye peremende na mtindi. Makkara ni soseji, na mara nyingi ina nguruwe. Lihapullat, vile vidonge vya nyama, mara nyingi ni mchanganyiko. Alhamisi mikahawa mingi hupika hernekeitto, supu ya njegere, ni desturi ya zamani, na kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe ndani hata kama huioni. Sentensi mbili zitakutosha:

Onko tässä sianlihaa? – Je, hii ina nyama ya nguruwe?
En syö sianlihaa. – Sili nyama ya nguruwe.

Kuku ni kana, ng'ombe ni nauta, samaki ni kala, yai ni muna. Mimi nilikimbilia samaki. Lohikeitto ni supu ya samoni yenye viazi na majani ya kiungo kiitwacho dill. Na pale sokoni Kauppatori, kando ya bandari ya Helsinki, wanauza muikku, visamaki vidogo vilivyopakwa unga na kukaangwa vizima vizima. Mtu wa Mwanza au Kisumu akivitia mdomoni atafikiria dagaa kabla hajafikiria kitu kingine.

Kwenye orodha za chakula cha mchana kuna herufi pembeni: L ni bila laktosi, G bila gluteni, M bila maziwa.

Hatua ya 6: Njiani, na majina ya miji yanayobadilika

Kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya Helsinki kuna treni za I na P. Tiketi ni ya kanda ABC, unaikata kwenye mashine au programu ya simu kabla ya kupanda. Ukiwa na shaka, uliza aliye karibu: Meneekö tämä juna keskustaan? Je, treni hii inakwenda katikati ya mji? Kurudi: Meneekö tämä juna lentoasemalle? inakwenda uwanja wa ndege? Tiketi ni lippu, stesheni ni asema, reli utakayosimama ni raide na namba yake.

Sasa miji. Sisi -ni inafanya kazi tatu: nakwenda mjini, niko mjini, natoka mjini. Wafini wamezigawa, na jina lenyewe linaathirika:

Helsinkiin, kwenda, Helsingissä, uko huko, Helsingistä, kutoka.

Ile k imegeuka g, usiogope. Turku inakuwa Turkuun, Turussa, Turusta. Tampere ina njia yake: Tampereelle, Tampereella, Tampereelta. Huna haja ya kanuni zote. Jifunze umbo la kwenda na la kutoka kwa miji miwili mitatu utakayofika, basi. Yksi lippu Tampereelle, kiitos. Na la kwenu: Olen Tansaniasta, Olen Keniasta, Ugandasta, Kongosta, Burundista. Hilo utaulizwa: Mistä olet kotoisin? unatoka wapi?

Kibao cha kituo kinaweza kuwa na majina mawili, kwa sababu Kiswidi nacho ni lugha rasmi. Helsinki na Helsingfors unaweza kubahatisha kuwa ni mji mmoja. Turku na Åbo huwezi, na ni mmoja.

Hatua ya 7: Namba na ile "nusu"

Yksi, kaksi, kolme, neljä, viisi, kuusi, seitsemän, kahdeksan, yhdeksän, kymmenen. Mtaani zinakatwa: yks, kaks, viis, kuus. Ishirini ni kaksikymmentä, mia ni sata. Paljonko tämä maksaa? hii bei gani? Käykö kortti? kadi inakubalika? Ukilipa taslimu, jumla huzungushwa hadi senti 5 iliyo karibu, kwa hiyo usihesabu chenji kwa mashaka.

Saa ndiyo iliyonigharimu. Mwenyeji wangu aliniambia tukutane puoli kolme. Nilijua puoli ni nusu na kolme ni tatu, nikafika saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu. Alikuwa amesubiri saa nzima kwenye baridi. Puoli kolme si tatu na nusu. Ni nusu ya kuielekea tatu, yaani 14.30, saa nane na nusu mchana. Mswahili ana kazi mara mbili: kugeuza saa sita, kisha kurudi nusu. Njia ni hii: chukua saa iliyotajwa, igeuze kwa Kiswahili (kolme, saa tisa), kisha rudi nyuma nusu saa. Chunga pia anapokusemesha kwa Kiingereza, kwani wengine huitafsiri puoli vilevile. Omba aandike namba.

Majira ya joto saa ya Ufini ni sawa na ya Dar es Salaam na Nairobi. Wakati wa baridi wako nyuma yetu saa moja.

Hatua ya 8: Vibao

Hivi unavisoma tu, huvisemi. Vedä, vuta, työnnä, sukuma. Auki, wazi; suljettu, pamefungwa. Kielletty, marufuku. Vapaa, hakuna mtu. Varattu, pana mtu. Choo: N ni naiset, wanawake, M ni miehet, wanaume. Kwetu mwanamke na mwanamume wote wanaanza na m, kwa hiyo bandika hili kichwani kabla hujabanwa.

Siku zinaandikwa kwa herufi mbili: ma, ti, ke, to, pe, la, su, kuanzia Jumatatu. Ukiona saa za duka na nyingine ndani ya mabano, za mabano ni za Jumamosi.

Dharura ni 112, bure, kwa polisi, zima moto na gari la wagonjwa. Apua! ni "nisaidieni!" Olen eksynyt, nimepotea. Duka la dawa ni apteekki.

Hatua ya 9: Kulisikia jibu

Ukisema vizuri utajibiwa kwa Kifini, na hapo wengi hukwama, kwa sababu kinachosemwa mtaani si kilichoandikwa. Minä olen, "mimi ni", inakuwa mä oon. Sinä, "wewe", inakuwa sä. Kiitos inakuwa kiitti. Wiki ya mwisho kabla ya safari sikiliza taarifa ya habari ya Kifini chepesi ya shirika la utangazaji la Yle, dakika chache kila siku. Usijaribu kuelewa yote; kamata -ko, kamata en na ei, kamata namba.

Ukishindwa, Hitaammin, kiitos, polepole tafadhali. Akihamia Kiingereza nawe unataka kuendelea: Voidaanko puhua suomea? tunaweza kuongea Kifini?

Na utakapokuwa unasimulia jambo, ukamwona mwenzako anavuta pumzi ndani ghafla na neno joo likatoka pamoja na ule mvuto, usisimame kumuuliza kama anaumwa. Anasema ndiyo, anakufuata. Endelea.